Mama Glory Alivyoingia Uzazini Bila Mimba

Vijana wangu wa kipenga, siku mliponiaga mlinipa kiti cha kuegemea, kile chenye mkono wa kuvuta hadi miguu inapanda juu yenyewe. Nashukuru sana. Halafu mkaniambia, "Sasa kaa, mzee, utuandikie yote." Kukaa naweza. Kuandika yote, hata wakikusanya karatasi za Arusha na Moshi pamoja, hazitatosha. Nitaandika kiasi. Habari za vyeo naziruka, maana kazi yetu ina cheo kimoja tu, kocha, na ukipanda sana unaitwa kocha mzee. Mishahara nayo naiacha, nisije nikawakatisha tamaa kabla hamjafika katikati.

Nilianza kwenye bwawa la kuogelea la hoteli moja, njia ya kwenda Usa River. Siku ya kwanza nilipewa ufagio mrefu wa kusafishia bwawa, na suruali ya kazi iliyoachwa na mtu mwenye kiuno cha kiboko. Kuogelea sikujua. Mimi ni Mmeru wa migombani. Maji niliyoyajua ni ya mfereji, yale yanayokufika kwenye kifundo cha mguu kisha yanapita kuwahi kahawa ya jirani. Ilipofika alasiri suruali ikanidondoka, nikainama kuiwahi, tukaingia majini wote watatu, mimi, suruali na ufagio. Kilichoelea ni ufagio peke yake.

Aliyenitoa alikuwa Afande Lazaro, polisi mstaafu aliyekuwa akifundisha watoto wa wageni kuogelea. Alinivua kama samaki kwa ufagio uleule, akanikalisha ukingoni, akasubiri nimalize kukohoa.

"Wewe utakuwa mwalimu mzuri," akasema.

"Afande, nimekaribia kufa."

"Ndiyo maana. Wanaojua sana hawaoni mwenzao akizama. Wewe utaona."

Nikawa mwanafunzi wake. Asubuhi nilifagia bwawa, mchana nilijifunza kuogelea, jioni nilikwenda mjini kwenye masomo ya watu wazima, ambako nilisoma mpaka nikamaliza kidato cha nne. Nilinuka klorini kiasi kwamba mwalimu wa Kemia alinisimamisha mbele ya darasa kila tulipofika kwenye gesi. Sikuhitaji kusoma mada hiyo. Mimi ndiye nilikuwa mada.

Vifaa vyetu vilikuwa kipenga, saa ya kubonyeza, kamba ya katani, na mpira wa ndani wa tairi la trekta. Nyinyi leo mna saa zinazoongea na simu, na simu zinazoongea na mbingu. Sawa. Lakini mpira ule wa trekta haukuwahi kuishiwa chaji. Na kifaa kikubwa kuliko vyote Afande alinirithisha bila kuniambia kuwa ni kifaa: kikombe cha chai. "Mwanamichezo hatakwambia amechoka," alikuwa akisema. "Mpe chai umtazame mkono. Kikombe kikicheza, mrudishe nyumbani akalale, hata kama amekuapia kwa jina la mama yake." Nimefundisha mameneja, mapadri, waongoza watalii, na mzungu mmoja aliyekuwa na mapafu makubwa kama mifuko ya mkaa. Kikombe hakijawahi kunidanganya.

Afande alipozeeka, nikabaki mimi. Mji ukakua, watu wakaanza kupenda mashindano ya michezo mitatu kwa mpigo: unaogelea, unatoka unarukia baiskeli, unashuka unakimbia, na katikati hakuna anayekuuliza kama una akili timamu. Ndipo akaja Mama Glory.

Mama Glory ni Mchaga wa Machame mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Elerai. Kama umejenga nyumba Arusha na hukununua hata msumari kwake, basi nyumba yako ina walakini. Ana sauti ya kumfikia mteja aliyesimama Kisongo. Alianza mazoezi kwa sababu ya presha, daktari alimwambia atembee. Akatembea, akaona polepole, akakimbia, akaona karibu, akanunua baiskeli. Baada ya misimu miwili ya mashindano mafupi akataka yale marefu, yale ya kuanzia kwenye ziwa dogo la upande wa Tengeru kunapopambazuka na kumalizikia uwanjani jua likiwa utosini.

Mashindano yale ya kwanza hakuyamaliza. Aliogelea vizuri, akaendesha vizuri, na kwenye kukimbia, uwanja ukiwa tayari unaonekana, miguu ikamwisha. Alikaa chini taratibu kama mtu anayetaka kuchambua maharage, akashindwa kunyanyuka. Gari la huduma ya kwanza lilikuwa limekwama nyuma ya ng'ombe. Kati ya watazamaji alikuwepo mshindani wake wa biashara, muuza mabati wa duka la mbele yake, ambaye Elerai nzima inamwita Mangi Bati. Mangi Bati akaona nyumba inayojengwa pale kando, akachukua toroli la zege, akampakia Mama Glory, akamsukuma mpaka kwenye hema la daktari akipiga kelele, "Pisha mzigo! Pisha mzigo!"

Alifanya jema, sikatai. Lakini tangu siku hiyo Mama Glory hakuwa tena Mama Glory. "Mama Toroli, nipatie misumari ya inchi nne." "Mama Toroli, rangi ya maji ipo?" Kanisani kwaya ya vijana ilikuwa ikigugumia kicheko akipita kutoa sadaka. Na mimi nilipombana kuhusu siku ya kabla ya mashindano, akanijibu bila hata kushtuka: "Si niliambiwa nipumzike? Nikapumzika. Sikuogelea, sikukimbia, sikuendesha. Lori la saruji lilikuja, nikashusha na vijana wangu mpaka likaisha."

Hilo lishikeni, maana habari yote iko hapo.

Akaacha mashindano. Akapata mtoto wa mwisho, yeye na mumewe wakajenga nyumba Moshono, miaka ikapita. Nikadhani nimempoteza. Kisha Januari moja, watu wakiwa ndio kwanza wanarudi kutoka Krismasi Kilimanjaro na mikungu ya ndizi kwenye buti za magari, akanitokea bwawani. Alikuwa amenenepa vizuri.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba, Mama Glory. Umepotea."

"Sikupotea. Nilikuwa najenga." Akakaa kwenye ukingo, akavua viatu, akatia miguu majini. "Kocha, nataka yale marefu tena. Ya mwezi wa tisa. Nataka kuvuka ule mstari kwa miguu yangu, Mangi Bati akiwa amesimama pale pale. Nikivuka, jina la toroli linakufa. Nikibebwa tena, nafunga duka nahamia Tunduma."

"Tunduma utaenda kufanya nini?"

"Kule hawanijui."

Nikamtengenezea chai. Kikombe kilitulia kama kimegandishwa na saruji. Nikamuuliza mara ya mwisho kupumzika kikweli ilikuwa lini, akacheka hadi maji yakafanya mawimbi. "Mimi? Kocha, mimi sijawahi kupumzika tangu nizaliwe, isipokuwa uzazi. Mama mkwe alinifungia ndani Machame miezi mitatu. Mtori wa ndizi na nyama asubuhi, mtori mchana, hata kuokota kijiko kilichoanguka ni mwiko. Nilitoka nang'aa kama gari jipya." Nikacheka naye, nikasahau. Kocha hodari ana masikio mawili, langu moja siku hiyo lilikuwa na maji.

Sasa nisikilizeni kuhusu kupanga msimu wa mtu aliyekaa nje miaka mingi. Mnaanza mwisho. Chukueni siku ya mashindano marefu, mrudi nyuma mwezi kwa mwezi mpaka mfike leo. Katikati mnaweka mashindano mafupi mawili, ya kumkumbusha woga, maana hata woga unahitaji mazoezi. Wiki tatu mnapanda, mazoezi yakiongezeka, ya nne mnashuka ili apumzike. Na kumbukeni kwamba mapafu hurudi haraka, lakini kano na visigino hurudi kwa mwendo wa konokono. Kwa hiyo atajisikia mzima kabla hajawa mzima, na hapo ndipo wengi huvunjika. Wiki za kwanza Mama Glory alitaka kukimbia mpaka Namanga. Nilimruhusu kutembea na kukimbia kwa zamu, nguzo ya umeme hadi nguzo ya umeme, naye akanitukana kwa Kichaga kwenye kila nguzo.

Mpango wangu wa kwanza niliunakili kutoka gazeti la michezo la Wazungu lililosahauliwa hotelini. Kiingereza changu cha masomo ya jioni kilikuwa kizuri, tena kizuri kupita kiasi, maana nilitafsiri kila kitu bila kuacha nukta. Mpango ulisema mwezi wa kwanza mtu aendeshe baiskeli ndani, nje kuna theluji. Mama Glory akautazama Mlima Meru usio na hata punje nyeupe, akasema, "Sawa, kocha ndiye anayejua," akapanda baiskeli ya stendi ndani ya ghala lake, katikati ya ndoo za rangi, wakati nje barabara ya Kisongo imekauka na kunyooka inalia peke yake. Mwezi wa nne mpango ukasema: hali ya hewa sasa ni tamu, toka nje ufurahie. Mwezi wa nne! Masika! Akatoka, mtiifu kama mwanafunzi wa kipaimara. Alirudi ameibeba baiskeli begani, na baiskeli imebeba nusu ya Moshono.

"Kocha," akasema, tope likimdondoka kidevuni, "huyu aliyeandika hii kitu, amewahi kufika hapa?"

Nikautupa mpango ule. Tukapanga upya, na safari hii nikaanza kwa kumuuliza mwaka wake unakwendaje. Mvua, bwawani. Kiangazi, Kisongo. Mwezi wa sita na wa saba, wakati wa baridi ile ambayo hata vyura wa Moshono huvaa soksi, kukimbia kwenye njia za kahawa chini ya mlima, upate joto la kupanda. Jumamosi ni za harusi na sherehe za kuaga mabinti, kwa hiyo baiskeli ndefu inamalizika kabla saluni hazijafungua. Na kuogelea kulifuata nywele. Akisuka, siku kadhaa hagusi maji hata umpige mkwara. Akikaribia kufumua, anaogelea kama kambare. Wataalamu hawaandiki hayo. Mimi nilikuwa na namba ya simu ya msusi wake kabla ya namba ya daktari wake.

Mpango tuliuandika kwa kalamu nene kwenye bodi la jipsamu, lile la dari, akaliegemeza dukani alione kila siku. Mwezi wa sita mteja mmoja akaja haraka, akapakia mabodi yote na lile likiwemo. Mpaka leo kuna mtu Kisongo amelala chali anatazama mazoezi ya Mama Glory juu ya kichwa chake, na nasikia amepungua tumbo.

Mambo yakaenda vizuri, isipokuwa kila wiki ya kushuka. Wiki za kupanda alirudi anacheka. Wiki za kupumzika alirudi amekwisha, macho yamezama kama mashimo ya nguzo. Mashindano mafupi ya kwanza alimaliza vizuri kabisa, ya pili akayamaliza kwa kuburuza mguu. Nikaangalia chakula, nikaangalia viatu, nikaangalia damu. Mwishoni mwa mwezi wa nane, siku niliyoandika PUMZIKA kwa herufi kubwa, nikapita dukani Elerai bila kuaga. Nikamkuta juu ya lori, mfuko wa saruji begani, kitambaa kichwani, anaimba wimbo wa Kwaresima.

"Mama Glory!"

"Kocha! Karibu! Leo napumzika!"

"Hiyo ni kupumzika?"

"Sijakimbia hata hatua moja!"

Mangi Bati alikuwa amekaa mlangoni kwake kwenye kiti cha plastiki, anachokonoa meno. "Mwache, kocha," akasema. "Mimi toroli langu nimeshalitia oili. Nimelipaka na rangi mpya, ya bluu, ili lipendeze kwenye picha."

"Utalala nalo hilo toroli!" Mama Glory akamjibu kutoka juu ya lori.

Nikaagiza chai kwa mama ntilie. Mama Glory akashuka, akashika kikombe. Kikacheza. Kilicheza mpaka chai ikamwagika kwenye kisosi, na yeye akakiweka chini haraka akijifanya ni cha moto.

Nikamweleza. Mwili unajengeka ukiwa umelala; mazoezi yanabomoa, usingizi unajenga. Na wiki mbili za mwisho kabla ya mashindano ndizo za kujenga kuliko zote. Akaitikia kila neno. Anajua kuitikia. Mwishoni akasema kwa upole, "Kocha, nimekuelewa. Lakini nikikaa bure, na watu wananiona, nitasemaje? Mimi siumwi. Mtu mzima asiyeumwa anakaaje?"

Hapo ndipo lile sikio langu lenye maji likafunguka.

Kesho yake nilimchukua mumewe, Baba Glory, mwalimu wa Uraia, mtu mpole anayeomba radhi hata akikanyagwa, tukapanda Machame kwa mama yake. Bibi Eliaichi tulimkuta anakatia ng'ombe majani, mgongo umenyooka kama mlingoti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unamkimbiza mkwe wangu?"

"Ndiyo, Bibi. Sasa nataka nimlaze. Hakubali. Nataka umweke uzazini."

Bibi akaweka mundu chini. Akamtazama mwanawe. "Mae! Ana mimba?"

"Hapana, mama," Baba Glory akasema, akiwa mwekundu kama bendera ya hatari.

"Amejifungua?"

"Hapana, mama."

"Sasa uzazi wa nini?"

Nikamweleza lile toroli. Nikamweleza jina, kwaya, Tunduma. Nikamwambia mkwe wake ana nguvu za kumaliza, kinachomwua ni kutojua kukaa, na katika maisha yake yote ni mtu mmoja tu aliyewahi kumkalisha. Bibi akamtupia ng'ombe majani aliyokuwa akiyalalamikia. Kisha akasema, "Miezi mitatu."

"Bibi, mashindano ni baada ya wiki mbili."

"Wiki mbili ni uzazi wa kuku. Lakini sawa."

Alishuka Moshono na mkungu wa ndizi, kibuyu cha maziwa mgando, samli, mwiko mkubwa kama kasia, na mamlaka yote ya ukoo. Mama Glory alipofungua mlango akakuta godoro limeshatandikwa upya. Alifungua mdomo abishe. Bibi akamwambia neno moja tu, "Lala." Naapa, mwanamke yule aliyenigomea miezi minane alipanda kitandani kama mtoto wa chekechea.

Sisemi ilikuwa rahisi. Mimi na Bibi tuligombana kuhusu samli. Mtori ni chakula kizuri cha mwanamichezo, ndizi na nyama laini, hakuna tumbo linaloukataa. Lakini wa Bibi ungeweza kulainishia gia za lori. "Bibi, punguza samli kidogo."

"Wewe umezaa wangapi?"

"Hakuna, Bibi."

"Basi subiri nje."

Tukagombana tena kuhusu mazoezi. Mtu hawezi kulala tu wiki mbili, lazima aguse kidogo kila kitu ili mwili usisahau. Bibi hakutaka kusikia. Mwishowe nikakumbuka kwamba mzazi huruhusiwa kuota jua. Kwa hiyo kila asubuhi Mama Glory alitolewa uani kuota jua, na jua hilo kwa bahati lilikuwa juu ya baiskeli ya stendi. Siku nyingine jua likawa bwawani, Bibi akiwa amesimama ukingoni na khanga mbili mkononi, anahesabu pumzi zake kwa sauti. Akitoka tu, anafungwa khanga kama mandazi na kurudishwa ndani.

Siku ya tatu lori la saruji likaja dukani. Simu ikalia. Nilikuwepo. Mama Glory alikuwa ameshavaa ndala, ameshafika getini, ndipo akamkuta Bibi amesimama na mwiko.

"Mama, lori."

"Mzazi hatoki."

"Mama, ni saruji! Mvua ikinyesha je?"

"Mwezi wa tisa mvua itoke wapi? Mume wako ana mikono."

Baba Glory akaenda. Jioni alirudi mweupe kuanzia nywele hadi soksi, akakaa kwenye ngazi, akamtazama mkewe kupitia dirishani kwa macho mapya kabisa. "Hii kitu," akasema, "unafanyaga kila wiki?" Kesho yake akaajiri wabebaji wawili. Hilo peke yake lilikuwa na faida kuliko mazoezi yangu ya mwaka mzima.

Tatizo likawa majirani. Moshono ikiona Bibi wa Kichaga ameshuka na mkungu, kuna harufu ya mtori, na mama wa nyumba hatoki, haihitaji kutangaziwa. Kina mama wa ibada ya nyumba kwa nyumba wakaja na mabeseni, sabuni za kipande, khanga na unga wa lishe, wanaimba tokea getini. Wakamkuta Mama Glory amelala, miguu juu ya mito mitatu.

"Hongera jamani! Kimya kimya hivi, hata tumbo hatukuliona!"

"Mtoto yuko wapi tumwombee?"

Mama Glory akajifunika shuka usoni. Mimi nikatazama dari, nikatamani iwe ile ya Kisongo ili nipate cha kusoma. Bibi akaipokea sabuni, akaipokea khanga, akalipokea beseni, akayapanga vizuri kabatini, kisha akasema, "Mtoto atazaliwa Jumamosi. Njooni kule Tengeru, uwanjani. Na hizi khanga tutazihitaji."

Habari ikafika Elerai kabla kina mama hawajavaa viatu vyao. Mangi Bati mwenyewe akaja getini kuchungulia. "Kocha, ni kweli ataendesha baiskeli akiwa mzazi?"

"Ni kweli."

Akatikisa kichwa. "Nitaleta matoroli mawili."

Kuamkia Jumamosi nilimpa chai. Kikombe kilitulia kiasi kwamba nilimwona Afande Lazaro ndani yake akinikonyeza.

Sitawachosha na ziwa na baiskeli. Alitoka majini katikati ya kundi, khanga zinamngoja. Kwenye baiskeli alikula kila nilichompangia, vipande vya ndizi ya kuchemsha vyenye chumvi, na hakumfukuza mtu yeyote aliyempita, jambo ambalo kwake lilikuwa kama kufunga siku arobaini. Nilimngoja kwenye kukimbia, pale pale alipokaa miaka ile. Ile nyumba iliyokuwa inajengwa sasa ina mapazia. Mangi Bati alikuwepo na toroli lake la bluu. Kina mama wa Moshono walikuwepo, na kwaya ya vijana, na kila fundi wa Elerai aliyewahi kukopeshwa kiberiti.

Akatokea. Uso ulikuwa na chumvi, hatua zilikuwa fupi, lakini zilikuwa hatua. Alipofika penye ile nyumba, mguu wa kulia ukasita. Nyote mnajua ninachosema. Goti linauliza swali. Mangi Bati akashika mikono ya toroli.

Sikupanga. Nilijikuta barabarani, kandambili mguuni, ninakimbia pembeni yake bila kumgusa, maana kumgusa ni kumfukuzisha kwenye mashindano. "Bibi amesema nini?" nikampigia kelele. "Mama Glory, mzazi anafanya nini?"

"Hatoki," akasema kwa pumzi.

"Sasa leo?"

"Leo anatoka!"

Goti likapata jibu. Akaanza tena, polepole, kisha si polepole, na mimi pembeni yake ninapiga kelele kama mnada wa mbuzi, mpaka akavuka ule mstari kwa miguu yake miwili, mbele ya macho yote yaliyowahi kumcheka. Vigelegele vilivyopigwa, nasikia ng'ombe wa Monduli waligeuza vichwa. Bibi Eliaichi akamfunga khanga ya mtoto mabegani. Mangi Bati, aliyekuwa ametufuata na toroli lake mpaka mstarini, nampa haki yake, alivua kofia akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Hongera, Mama Glory." Jina lake lenyewe. Nililiona linavyomwingia usoni.

Hayo niliyaona nikiwa chini. Mimi sikuvuka ule mstari. Nilisahau umri wangu, na kandambili zangu hazikuwa na mpango wa msimu. Miguu iliniishia hatua chache kabla, nikakaa taratibu kama mtu anayetaka kuchambua maharage, nikashindwa kunyanyuka.

Mama Glory akageuka. Akanitazama. Akamtazama Mangi Bati. Mangi Bati akamsogezea toroli bila kusema neno, akiwa ameshikilia kicheko chake kwa mikono miwili. Wakanipakia. Akalisukuma yeye mwenyewe, medali shingoni, khanga mabegani, uwanja wote hadi kwenye hema la daktari, akipaza ile sauti inayofika Kisongo, "Pisha mzigo! Pisha mzigo!"

Mle ndani ya toroli ndimo nilimoamua kustaafu. Sikuona sehemu bora zaidi ya kumalizia. Daktari akanipa chai, kikombe kikacheza mpaka akakichukua mwenyewe. Nikamwambia mimi mzima, nahitaji tu kupumzika kidogo nyumbani, nina kazi za shambani, nitapumzika huku nakata majani.

Nyuma yake nikasikia mwiko ukigongwa kwenye beseni.

"Lala," akasema Bibi Eliaichi.